Kakamega: Msitu na Vigingi Vyake

Mwaka 1931 bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka duniani kote, na nzige walikuwa wamekwisha kupita kwenye mashamba ya walowezi wa Uasin Gishu. Mmoja wa walowezi wa huko, Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, aliteremka upande wa magharibi, akaosha mchanga wa mito ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, akaona chembe za dhahabu. Habari haikufichika. Mwaka uliofuata wakulima waliokuwa wakidaiwa na benki waliacha mashamba yao, wakapakia makoleo na mahema, wakaja Kakamega. Nyuma yao zikaja kampuni. Mji uliokuwa boma tulivu la serikali tangu makao ya wilaya yalipohamishwa kutoka Mumias mwaka 1920 ukajikuta umejaa wageni wenye haraka.

Kisa hicho cha dhahabu kimesimuliwa mara nyingi. Kisichosimuliwa sana ni kwamba katika msimu uleule wa vishindo, serikali ilikuwa ikikamilisha mpaka mwingine kilomita chache upande wa mashariki. Mwaka 1933 msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi, chini ya Idara ya Misitu. Kwa hiyo Waisukha na Waidakho, wenyeji wa hapo, katika muda wa miaka miwili hivi, waliona ardhi yao ikipimwa na wageni wa aina mbili: mchimba dhahabu na bwana misitu. Ofisi zilikuwa tofauti na nia zilikuwa tofauti, lakini kigingi ni kigingi kwa mtu anayeamka asubuhi akakikuta nyuma ya nyumba yake. Ugomvi mwingi wa baadaye kuhusu msitu huu, hadi huu wa miaka ya karibuni wa uzio wa umeme, una harufu ya mwaka ule.

Msitu wenyewe ni wa zamani sana kuliko mipaka yake. Wataalamu wa mimea huuhesabu kuwa ncha ya mashariki ya misitu ya mvua inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita bonde la Kongo na kuingia Uganda. Upo kwenye kimo cha mita 1,500 hadi 1,700 hivi, chini ya magenge ya Nandi, na hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mito miwili huukata: Isiukhu upande wa kaskazini, Yala upande wa kusini, na maji ya yote miwili huishia Ziwa Viktoria. Mtu aliyezoea misitu ya Mlima Kenya au ya Pwani akiingia hapa hukuta viumbe asiowajua, kwa sababu jamaa zao wako Kongo. Kuna shorobo mkubwa wa buluu anayerukaruka matawini kwa kelele. Kuna popo mwenye kichwa kama nyundo, kuna swila wa mitini, na kuna kifutu wa Gaboni anayelala juu ya majani makavu akafanana nayo kabisa. Aina za ndege zilizoandikwa zinazidi 300, na za vipepeo zinazidi 400. Wengi kati ya viumbe hao, ndani ya Kenya, hawapatikani kwingine.

Huu si msitu mmoja tena. Kisere imejitenga kaskazini, Malava iko mbali zaidi, Kaimosi imebaki kama kisiwa kusini. Hata msitu wa Nandi Kusini, ambao leo mtu huufikia kwa kuvuka mashamba ya mahindi na chai, mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umeungana na huu. Eneo lote lililoandikishwa, pamoja na vipande, ni kama kilomita za mraba 240. Kati ya hizo, karibu nusu tu ndiyo miti ya asili iliyofunga. Kilichobaki ni mashamba ya misonobari na mierezi, chai, vichaka na nyasi.

Nyasi hizo zinastahili maelezo, kwa sababu ndizo zinazovunja dhana kwamba msitu huu ulikuwa haujaguswa hadi Mzungu alipofika. Katikati ya miti mirefu kuna viwanja vya wazi, Kalunya ukiwa mmojawapo, ambavyo watafiti wengi wanaamini vilitokana na makazi, malisho na moto wa watu wa kale. Ng'ombe walilishwa humo vizazi vingi kabla ya mpaka wowote kuandikwa. Waisukha na Waidakho walitoa msituni kuni, kamba, uyoga, asali, dawa na magogo ya ngoma. Watiriki wa upande wa kusini walikuwa na vichaka vyao vya jando ambamo asiyetahiriwa hakuthubutu kutia mguu. Wakabras walikaa upande wa kaskazini, na Wanandi juu ya magenge. Msitu ulikuwa mpaka baina ya jamaa hizi, na mara nyingine maficho wakati wa vita. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka Pwani kutafuta pembe za ndovu ilipita upande wa kaskazini kuelekea Mumias, na Joseph Thomson aliifuata njia ya namna hiyo mwaka 1883. Hao walikuwa wapitaji. Msitu haukuwa na bidhaa waliyoitaka kuliko meno ya tembo, na tembo wenyewe hawakudumu.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka mmoja baadaye Waquaker watatu kutoka Marekani, Arthur Chilson, Willis Hotchkiss na Edgar Hole, walichagua Kaimosi, kwenye ukingo wa kusini wa msitu, kuwa makao ya misheni yao. Waliitwa Marafiki, na waliamini kwamba Injili huenda pamoja na kazi ya mikono. Moja ya vitu vya mwanzo walivyojenga ni kiwanda cha kupasua mbao. Mbao hizo zilijenga shule, hospitali na makanisa ambayo yameacha alama kubwa Magharibi mwa Kenya, kiasi kwamba ni vigumu kuyasimulia maisha ya Mluhya wa karne ya 20 bila kuyataja. Ni kweli pia kwamba msumeno ule ulifungua ukurasa mpya. Mti ulioangushwa kwa shoka ulihitaji sababu. Mashine ikishafungwa, yenyewe inakuwa sababu.

Turudi kwenye dhahabu, kwa kuwa hapo ndipo pana ubishi wa kweli. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Sheria hiyo iliahidi kwamba maeneo yaliyotengewa Waafrika yangebaki yao daima; na ikiwa sehemu ingetwaliwa kwa manufaa ya umma, baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza na ardhi nyingine ya ukubwa uleule ingetolewa badala yake. Wino haujakauka vizuri, dhahabu ikaonekana. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa haraka haraka: mahali penye madini, serikali ingeweza kuichukua ardhi bila kutoa ardhi nyingine na bila kuliuliza baraza, mwenye shamba angelipwa pesa tu. Kelele zilipigwa London, bungeni na magazetini. Hata Lord Lugard, ambaye hakuna atakayemshitaki kwa kuupinga ukoloni, aliona kwamba neno la serikali limevunjwa. Sheria haikurudi nyuma.

Huku Kavirondo Kaskazini, jambo hilo lilifundisha watu siasa haraka kuliko shule yoyote. Muda si mrefu kikaundwa chama cha North Kavirondo Central Association, kikiwa na vijana waliosoma kwa Marafiki hao hao wa Kaimosi, na ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha madai yake. Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter ilikuwa ikizunguka nchini wakati huohuo kusikiliza malalamiko, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1934. Sasa jiweke mahali pa mzee wa Isukha. Umeambiwa ardhi ni yako daima. Baada ya miaka miwili umeambiwa daima imefika mwisho. Kisha anakuja ofisa mwingine anakuambia msitu ule unahifadhiwa kwa faida yako na ya watoto wako. Ungemwamini?

Ofisa huyo hakuwa mwongo, tukimhukumu kwa haki. Migodi ilikuwa ikila miti. Mashimo yalihitaji nguzo za kuzuia udongo, mashine zilihitaji kuni, vibarua kwa maelfu walihitaji kupika. Rosterman, mgodi mkubwa kuliko yote, uliokuwa karibu kabisa na mji, uliendelea hadi 1952. Hata ndani ya msitu, kwenye kilima cha Lirhanda, wachimbaji walitoboa handaki ambalo leo limekuwa nyumba ya popo na mahali pa kupeleka watalii. Bila mpaka wa 1933, sidhani kama upande wa magharibi wa msitu ungepona miaka ile ya dhahabu. Kigingi cha bwana misitu kilikizuia kigingi cha mchimba dhahabu, japo kwa nusu.

Nusu nyingine ni biashara. Kwa Idara ya Misitu ya wakati huo, kuhifadhi kulimaanisha kupanga ukataji. Leseni zilitolewa kwa wapasua mbao, nao wakaingia kutafuta miti mikubwa yenye thamani, hasa Olea welwitschii, ambayo wauza mbao waliiita tiki ya Elgon. Hawakufyeka kila kitu, walichagua. Ukataji wa namna hiyo hauonekani kwenye ramani, kwa sababu ukitazama kutoka juu msitu bado upo. Lakini waliotoweka ni wazee wa msitu, miti iliyokuwa ikitoa mbegu na mashimo ya kutagia ndege. Mwaka 1948 mpasua mbao mmoja alijenga nyumba msituni. Inasimuliwa kwamba mkewe aliomba ijengwe chini ya tiki kubwa kuliko zote zilizojulikana. Nyumba hiyo ndiyo chanzo cha Rondo, kituo cha mapumziko cha Kikristo ambacho bado kinapokea wageni katikati ya bustani zake. Inachekesha kidogo kwamba mahali panapopendwa sana na wapenda ndege wa dunia palianza kuwa makazi ya mtu wa msumeno.

Idara ilipanda pia. Kuanzia miaka ya 1930 na 1940 ilijaza sehemu zilizokatwa kwa miti ya kigeni na, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo, kwa miti ya asili. Mutere, yaani Maesopsis eminii, ulipandwa kwa mistari kwenye mashamba makubwa. Leo ukipita kwenye mashamba hayo ya zamani karibu na Isecheno, chini ya mitere iliyozeeka imeota miti mingine ya msituni bila kupandwa na mtu, na kama si usawa wa mistari usingejua kwamba unatembea shambani. Wanaohubiri upandaji miti siku hizi kwa hesabu za mabilioni wangefaidika kuja kuangalia hapa. Mti uliopandwa mahali pake, ukaachiwa muda wa kutosha, hufanya kazi ambayo misonobari ya jirani haijaifanya.

Uhuru ulipokuja, mpaka haukuondoka; ulibadilisha mwenyewe tu. Mwaka 1967 sehemu mbili ndogo, Isecheno na ukingo wa mto Yala, zilitengwa kuwa hifadhi za asili ambamo ukataji haukuruhusiwa kabisa. Nje yake leseni ziliendelea. Idadi ya watu iliongezeka, mashamba yakagawanywa baina ya ndugu hadi yakawa vipande vya robo ekari, na msitu ukawa ghala la kila asiyekuwa na akiba nyingine. Makaa yalichomwa usiku. Mkombero, mzizi wa mtambaazi Mondia whytei ambao wanaume wa Magharibi hutafuna kwa sababu wanazozijua wenyewe, ulichimbwa hadi ukawa haba. Gome la mwiritsa, yaani Prunus africana, liliwindwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya. Biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyoamua sura ya msitu tunayoiona sasa, na mambo matatu yalifanyika karibu kwa pamoja. La kwanza, mwaka 1985 upande wa kaskazini, yaani Buyangu pamoja na kipande cha Kisere, uliondolewa mikononi mwa Idara ya Misitu ukawa hifadhi ya taifa ya wanyamapori, ambayo baadaye ilikabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 45. La pili, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ukataji wa miti ya asili. La tatu ni chai. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Nyayo Tea Zones: mkanda wa majani chai ungepandwa ukingoni mwa misitu ili mtu asiweze kusogeza shamba lake bila kuonekana. Wazo lina akili ndani yake. Lakini ili kupanda mkanda wa kulinda msitu, ilibidi msitu wenyewe ufyekwe kwenye ukingo huo, na mapato ya chai hayakwenda kwa jirani aliyezuiwa kuvuka.

Tangu hapo msitu mmoja umekuwa na serikali mbili. Ukiwa Buyangu, chini ya KWS, hakuna kuni, hakuna ng'ombe, hakuna kukata nyasi; mwenye kuingia hulipa kiingilio na hutembea njiani. Ukivuka kwenda Isecheno, upande wa misitu, jirani anaweza kupata kibali akalisha, akaokota kuni zilizoanguka, akachuma dawa. Watafiti wa mradi wa BIOTA, uliofadhiliwa na Ujerumani kuanzia 2001, walichukua fursa hiyo. Walihesabu visiki, njia na mashimo ya makaa pande zote mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba upande uliofungwa kabisa ulikuwa umevurugwa kidogo kuliko upande wa vibali.

Matokeo haya hayapendezi masikioni mwa mtu anayeamini, kama mimi, kwamba wenyeji ndio walinzi bora wa msitu wao. Nimesikia yakipuuzwa kwa hoja kwamba upande wa kusini ulikuwa na mzigo mkubwa zaidi tangu zamani: watu wengi zaidi ukingoni, barabara nyingi zaidi, viwanda vya mbao vya muda mrefu zaidi. Hoja hiyo ina uzito, ila haifuti hesabu. Buyangu ilipona kwa sababu kulikuwa na askari waliolipwa kuilinda na kanuni rahisi ambayo hata mtoto aliielewa. Kibali cha kuokota kuni zilizoanguka kinahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba zilianguka zenyewe.

Sayansi ya Kakamega ina upekee wa kudumu. Dale Zimmerman alichapisha mwaka 1972 kazi kubwa juu ya ndege wa msitu huu, ambayo hadi leo hutumika kupima kilichobaki. Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia alianza kufuatilia kima wa Isecheno mwaka 1979 na hajaacha. Kwa zaidi ya miongo 4 yeye na wasaidizi wake, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani, wamewatambua kima mmoja mmoja kwa sura, wakaandika nani kamzaa nani, nani kapigana na nani, na ukoo upi umegawanyika. Koo chache sana za wanyama pori duniani zina kumbukumbu kama hizo. BIOTA nao walileta jambo la kushangaza: walipochunguza mwiritsa, walikuta kwamba katika vipande vya msitu vilivyovurugwa, licha ya uchache wa aina za ndege na nyani, mbegu zilisambazwa zaidi kuliko katika msitu mkuu. Ndege wachache wanaovumilia maisha ya ukingoni walikuwa wakifanya kazi ya wote. Mtu asitoke hapo akasema kukatakata msitu ni vyema; kasuku wa kijivu, ambaye ndani ya Kenya Kakamega ndiyo ilikuwa ngome yake ya mwisho, hakupata faida yoyote katika mpango huo. Chui naye haonekani tena.

Wakati wageni wakihesabu mbegu, vijana waliokuwa wakiwaongoza walianza kujiuliza wao watafaidi nini. Mwaka 1995 baadhi yao waliunda mpango wa elimu ya mazingira unaojulikana kwa kifupi cha KEEP, wenye makao Isecheno. Walipanda vitalu, wakafuga vipepeo, wakawaingiza msituni watoto wa shule ambao walizaliwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo na hawakuwahi kuingia isipokuwa kutafuta kuni. Kundi jingine, Muliru, lilichukua njia ya soko. Kuna mmea wenye harufu kali ya kafuri, Ocimum kilimandscharicum, ambao watu walikuwa wakiuchuma kwa ajili ya mafua na kuumwa na wadudu. Kwa msaada wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wakulima wa Muliru waliupanda mashambani mwao, wakaukamua mafuta, wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub ambayo inauzwa madukani kama balimu nyingine yoyote. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mkombero nao ulihamishiwa shambani. Ni utetezi wa msitu usiohitaji hotuba: mmea ukilimika nyuma ya nyumba, hakuna sababu ya kuuvukia mpaka.

Sheria ilifuata nyuma kwa mwendo wake. Sheria ya Misitu ya 2005 ililifuta lile wazo kwamba jirani wa msitu ni mwizi mtarajiwa, ikaruhusu vyama vya jamii kushirikiana na shirika jipya la misitu, KFS, kwa mikataba. Chama cha Muileshi kikaundwa upande wa Kakamega. Kwenye karatasi, mwanamke anayebeba mzigo wa kuni kichwani sasa ni mshirika mwenye haki iliyoandikwa. Uwanjani, haki hiyo hutegemea sana ni nani yuko zamu.

Msitu ulitoa utamaduni pia. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazochongwa kutoka kwenye gogo moja moja. Hupigwa arusini, mazishini, kwenye mapambano ya mafahali, na wanasiasa hawaisahau wakati wa kampeni. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Msitu wenyewe uliingizwa na serikali kwenye orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2010, na huko umekaa ukisubiri. Ngoma imefika mbele ya mti uliozaa ngoma.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba, na Vihiga upande wa kusini msongamano unapita 1,000. Nyumba nyingi hupikia kuni. Dhahabu nayo imerudi: mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua leseni za utafutaji za Magharibi mwa Kenya kutoka Barrick, na maeneo ya Isulu na Bushiangala, magharibi mwa msitu, yakawa tena midomoni mwa watu pamoja na maswali yaleyale ya 1932 kuhusu nani atahamishwa na atalipwa nini.

Katika hali hiyo ndipo umezuka mpango wa kuuzungushia msitu uzio wa umeme, na wenyeji wengi wakaupinga. Wenye mpango huonyesha Aberdare, ambako uzio uliokamilika mwaka 2009 uliokoa mashamba na msitu kwa pamoja. Nimejaribu kuupima mfano huo na naona unachechemea. Aberdare ina ndovu na nyati. Mkulima wa huko alikuwa akilala shambani kuwafukuza, na waya ulipokuja uliweka kitu hatari upande wa pili wake. Kakamega haina ndovu. Wanaovamia mahindi hapa ni kima, na kima hupita juu. Utakachokizuia waya huu ni ng'ombe, msumeno wa mwizi wa mbao, na mwanamke mwenye kibali cha kuni, wote kwa mkupuo mmoja, na ni huyo wa mwisho tu ambaye atauliza lango liko wapi. Msumeno tunauhitaji uzuiwe; hesabu za 2006 zinasema wazi kwamba ulinzi mkali hufanya kazi. Kwa hiyo ningetaka kuona kwanza ramani ya malango: mangapi, vijiji vipi, yatafunguliwa saa ngapi, na funguo zitakaa kwa askari wa misitu peke yake au kwa chama cha jamii pia. Mwaka 1933 hakuna aliyeulizwa maswali ya namna hiyo, na ng'ombe wameendelea kuvuka tangu wakati huo.